Udongo wa mjini wenye metali nzito: kutoka dalili hadi chanzo

Risasi, yaani ile metali nzito na si ya bunduki, ikiwa ndani ya udongo haina harufu, na kadmiamu, metali nyingine yenye sumu, haina rangi ya kukutahadharisha. Bustani ya nyuma ya nyumba inaweza kuwa na udongo mweusi, laini, wenye minyoo tele, mboga zake zikanona kuliko za jirani, na bado pasiwe mahali pa kumwacha mtoto acheze. Ndiyo maana anayetegemea macho peke yake hupotea mapema. Mwongozo huu unafuata dalili, kwa kuwa ndizo zinazomfanya mtu aanze kuuliza, ila kila dalili inarudishwa kwenye maswali mawili: ardhi hii ilifanyiwa kazi gani kabla yako, na vumbi lake linaishia kinywani mwa nani?

Swali la pili ndilo wengi hulisahau. Wakisikia udongo una sumu wanafikiria mboga. Kwa risasi, ambayo ndiyo metali inayosumbua zaidi mijini, njia kuu ni mkono wa mtoto unaotoka chini kwenda mdomoni, pamoja na vumbi linaloingia ndani ya nyumba kwa viatu na upepo. Mboga zinafuata nyuma.

Kabla ya dalili: kagua eneo

Dawa nyingi za kuua wadudu huvunjwavunjwa na vijidudu vya udongoni baada ya muda. Metali haivunjiki ikawa kitu kingine. Risasi hasa hujishikiza kwenye chembe za udongo wa mfinyanzi na mboji, ikabaki juu, ndani ya sentimita chache za kwanza, kwa miaka mamia kama hakuna aliyechimba. Kwa hiyo kilichofanyika kabla hujazaliwa bado kina maana leo.

Chukua mfano wa petroli. Risasi ilianza kutiwa humo miaka ya 1920, na Algeria, nchi ya mwisho kuuza petroli hiyo kwa magari ya barabarani, iliacha mwaka 2021. Karibu karne nzima ya moshi iliangukia kandokando ya barabara. Ukanda wa kando ya barabara kuu ya zamani, hata kama sasa magari ni machache, ni wa kutiliwa shaka kuliko kando ya barabara mpya yenye msongamano.

Chanzo cha pili ni rangi za zamani za nyumba. Rangi yenye risasi ikizeeka hubanduka, ikaanguka chini ya ukuta na chini ya michirizi ya paa. Mara nyingi ukanda wa mita moja au mbili kuzunguka nyumba kuukuu huwa na risasi nyingi kuliko katikati ya uwanja. Kisha kuna kazi za mikono na viwanda: kuvunja na kuyeyusha betri za magari, kupaka vyuma kromiamu au nikeli, kutengeneza ngozi, kuchoma nyaya ili kupata shaba, kukusanya vyuma chakavu, jalala, uwanja wa kulengea shabaha. Mashamba ya zamani ya matunda nayo yamo, kwa sababu kabla ya dawa za kisasa wadudu waliuawa kwa mchanganyiko wa risasi na aseniki, sumu nyingine ya madini. Usisahau kifusi: kiwanja kilichojazwa udongo kutoka kwingine kimebeba historia ya huko ulikotoka.

Waulize wazee wa mtaa. Kisha piga magoti ukague chini kwa macho ya karibu. Magamba madogo ya rangi yenye tabaka mbili tatu za rangi tofauti ni ishara. Vipande vinene vya plastiki nyeusi vyenye kona zilizonyooka aghalabu ni mabaki ya masanduku ya betri, na unga wa kijivu ulio mzito kupita kiasi mkononi huenda ukawa umetoka ndani yake (usiushike bila glavu). Mavi ya chuma, yale mabonge meusi yenye matundu na ung'avu kama wa kioo, yanaonyesha kwamba kitu kiliyeyushwa hapo. Udongo wenye rangi ya kijani-bluu husema shaba. Sehemu ya duara ambapo hakuna nyasi zinazoota mwaka mzima inastahili sampuli ya peke yake.

Majani yana manjano, mimea imedumaa

Hii ndiyo dalili inayowaleta watu wengi, nayo ndiyo yenye uwezekano mdogo zaidi wa kuwa risasi. Mimea huweza kustawi kwenye udongo wenye risasi nyingi bila kuonyesha lolote. Kwa hiyo anza na sababu za kawaida: nitrojeni kupungua, maji kutuama, mizizi kuliwa na minyoo fundo, udongo kugandamana.

Manjano yenyewe yana cha kusema ukiyatazama vizuri. Yakianzia kwenye majani ya zamani ya chini na kuenea jani zima, shuku upungufu wa nitrojeni. Yakianzia kwenye majani machanga ya juu, mishipa ikibaki kijani, mmea umekosa madini ya chuma. Hapo una matawi mawili. Udongo wenye chokaa nyingi hufunga chuma kisipatikane. Lakini zinki au shaba ikizidi nayo humzuia mmea kupata chuma, na manjano hutokea yale yale. Kinachotenganisha mambo hayo mawili ni kipimo cha asidi na mahali penyewe. Udongo wenye asidi, chini ya paa la mabati ya zamani ambapo maji ya mvua yamedondoka miaka mingi, au karibu na uzio wa waya uliopakwa zinki, au penye mabaki ya tairi zilizochomwa, unanifanya nishuku zinki. Ng'oa mche mmoja: mizizi iliyo mifupi, minene, ya kahawia, isiyo na vinyweleo huongeza shaka juu ya shaba.

Zinki na shaba huumiza mmea kabla hazijamuumiza mtu. Kwa upande mmoja hilo ni afueni, kwani mmea unakupa onyo. Tiba ni kushusha asidi kwa chokaa mpaka pH (kipimo cha asidi, ambacho hupanda asidi ikipungua) ifike kati ya 6.5 na 7, kuongeza mboji, na kuelekeza maji ya paa kwingine. Hata hivyo metali hazisafiri peke yake. Penye zinki ya kiwandani huenda kadmiamu ipo pia, kwa sababu madini ya zinki huchimbwa yakiwa na kadmiamu ndani yake. Ukithibitisha zinki imezidi, pima kadmiamu.

Mimea inastawi vizuri, lakini eneo lina historia mbaya

Hali hii inanitia wasiwasi kuliko ile ya majani ya manjano, kwa sababu hakuna kinachomsukuma mtu kuchukua hatua.

Kadmiamu ndiyo yenye hila. Inapanda kwa urahisi kutoka kwenye mizizi hadi kwenye majani, na mmea unaweza kubeba kiasi kinachomdhuru mlaji huku wenyewe ukiwa mzima. Hufika kwenye udongo kupitia baadhi ya mbolea za fosfati, betri za nikeli na kadmiamu, na majivu ya taka. Asidi ikiongezeka, kupanda kwake kunaongezeka, na udongo wenye chumvi huisaidia. Mboga za majani ndizo zinazokusanya zaidi.

Risasi haipandi kwa urahisi hivyo. Ikionekana kwenye mboga, mara nyingi ni vumbi lililogandamana juu ya majani au udongo uliorushwa na matone ya mvua. Mboga za mizizi, zinazokaa ndani ya udongo wenyewe, ni mbaya zaidi. Kumenya hupunguza, hakumalizi, kwani kiasi fulani huingia ndani ya nyama ya mzizi. Mazao ya matunda, kama nyanya, pilipili, maharage na mahindi, hupokea kidogo kuliko yote. Kwa hiyo mtu ambaye udongo wake una metali kwa kiasi cha wastani na hataki kuacha kulima anaweza kubadilisha zao kabla ya kubadilisha udongo: apande yanayozaa juu, afunike ardhi kwa majani makavu ili mvua isirushe tope, aoshe mavuno kwa maji mengi.

Kuna jambo moja linaloharibu bustani nzuri kila mahali: majivu. Majivu ya mbao zilizopakwa rangi, au ya mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa yenye shaba, kromiamu na aseniki, yanabeba metali zote zilizokuwamo, tena sasa zikiwa zimekolea. Mbao za dawa hiyo zikiwa mpya huwa na rangi ya kijani hafifu. Zikizeeka rangi hupotea lakini aseniki hubaki. Usizichome, usizitumie kujengea kingo za matuta ya mboga, na usitupe majivu yake bustanini ukidhani ni mbolea.

Mtoto analalamika tumbo, amepauka, hatulii, amepunguza kula

Hapa naomba msomaji asome polepole.

Dalili za risasi kwa mtoto hazina sura ya peke yake: maumivu ya tumbo, kufunga choo, uchovu, kukosa hamu ya chakula, hasira zisizoelezeka, upungufu wa damu, kuchelewa kusema, kushindwa kutulia darasani. Kila moja ina sababu nyingine mia. Na watoto wengi walioathirika hawana dalili hata moja inayoonekana, ilhali akili zao zinapunguzwa uwezo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Kwa hiyo dalili haithibitishi, na kukosekana kwa dalili hakumtoi mtoto hatarini. Kinachothibitisha ni kipimo cha damu.

Kwa nini mtoto? Kwanza, anatambaa na kutia mikono mdomoni. Pili, mwili wake hufyonza risasi iliyomezwa mara 4 hadi 5 kuliko mwili wa mtu mzima. Tatu, akiwa na upungufu wa madini ya chuma au kalsiamu, ufyonzaji huzidi, kwa sababu risasi hupita kwenye milango ile ile. Mtoto mwenye njaa anayecheza kwenye udongo mchafu ana hatari kubwa kuliko mwenzake aliyeshiba anayecheza hapo hapo.

Kilichotokea Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar nchini Senegal, kinaonyesha jinsi udongo unavyoua. Kwa miaka betri za magari zilivunjwa hapo na udongo ukajaa risasi. Bei ya risasi ilipopanda, wakazi walianza kuchimba udongo huo na kuuchekecha majumbani mwao ili wapate vipande vya kuuza. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walifariki, na uchunguzi uliofuata ukaonyesha kuwa ndugu zao na mama zao nao walikuwa na risasi nyingi mwilini. Kitendo cha kuchekecha ndani ya nyumba kilibeba hatari yote: udongo mkavu, vumbi laini, chumba kidogo, watoto wanaotambaa. Mtaa wa Owino Uhuru mjini Mombasa nao uliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua kwamba wakazi walidhurika na wanastahili fidia.

Mtoto akipata degedege, akitapika mfululizo, akilegea au kupoteza fahamu, na unajua amekuwa penye betri zilizovunjwa au kwenye vumbi la madini, hiyo ni dharura. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo na utamke neno risasi, kwa sababu degedege hutibiwa mara nyingi kama malaria au homa ya uti wa mgongo mpaka mtu atoe taarifa ya eneo.

Kama si dharura, omba kipimo cha risasi kwenye damu. Kipimo cha kuchoma kidole ni chepesi lakini kina udhaifu mmoja mkubwa: vumbi lililo kwenye ngozi ya kidole huchanganyika na tone la damu, na majibu yakapanda kwa uongo. Mtoto anaweza kutoka uwanjani moja kwa moja, kidole kikafutwa kwa pamba yenye spiriti tu, na karatasi ikaandika namba ya kutisha. Spiriti inaua vijidudu, haiondoi risasi. Kidole kioshwe kwa sabuni na maji ya kutiririka kisha kikaushwe kwa kitambaa safi, na namba ikiwa juu irudiwe kwa damu ya mshipa kabla ya uamuzi wowote.

Marekani, tangu 2021, kiwango cha kushtukia kwa watoto ni mikrogramu 3.5 za risasi kwa desilita (sehemu ya kumi ya lita) ya damu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka huo huo unataka chanzo kitafutwe na kukomeshwa damu ikifika mikrogramu 5. Dawa za kuvuta metali mwilini zinazungumzwa kwa watoto kuanzia 45, na ni za hospitali, chini ya daktari. Dawa hizo zina madhara, na mtoto akitibiwa kisha akarudishwa kwenye vumbi lile lile damu itapanda tena.

Maziwa hayasafishi risasi iliyokwisha kuingia mwilini. Kalsiamu na chuma cha kutosha kwenye mlo hupunguza kiasi kinachofyonzwa, jambo la maana sana, lakini glasi ya maziwa baada ya kazi si kinga. Makaa ya dawa, yale yanayotolewa kwa sumu nyingine, hayashiki metali vizuri. Vinywaji vya kusafisha mwili ni kupoteza pesa bure.

Mtu mzima: ngozi, ganzi, figo, mifupa

Kwa watu wazima mambo huchukua miaka. Nitapita haraka, kwa kuwa hapa daktari ana nafasi kubwa kuliko mkulima.

Madoa meusi na meupe kwenye ngozi, pamoja na viganja na nyayo zinazoota vijipele vigumu, ni sura ya aseniki iliyoingia mwilini kwa muda mrefu, kwa kawaida miaka mitano au zaidi. Ila kabla ya kulaumu udongo, pima maji ya kisima: duniani kote maji ya ardhini ndiyo chanzo kikuu. Anayekwenda kupima aseniki kwenye mkojo akae siku kadhaa bila samaki wala viumbe vya baharini, kwani vina aseniki ya aina isiyo na madhara makubwa inayopandisha namba.

Figo zikianza kuchoka na mifupa kuuma kwa mtu aliyekula mazao ya udongo wenye kadmiamu kwa miaka, fikiria kadmiamu. Hukaa kwenye figo kwa miongo. Kule Toyama, Japani, wanawake waliokula mpunga uliomwagiliwa kwa maji ya mto Jinzu, yaliyobeba kadmiamu ya mgodi, walivunjika mifupa kwa misukosuko midogo tu, na mwaka 1968 serikali ilikiri kuwa ni ugonjwa wa uchafuzi. Mvutaji sigara anajiongezea mzigo huo huo, kwa sababu tumbaku hukusanya kadmiamu.

Vidonda vya ngozi visivyopona kwa wanaofanya kazi au kuishi penye upakaji wa kromiamu vinaelekeza kwenye kromiamu ya aina ya sita, ile yenye sumu kali. Mikono kutetemeka na tabia kubadilika, hasa penye uchenjuaji wa dhahabu, kunaelekeza kwenye zebaki. Shinikizo la damu kupanda, maumivu ya viungo na kusahausahau kwa fundi wa betri au wa kuchomelea vinatosha kumfanya apime risasi.

Mjamzito ana sababu yake ya pekee. Risasi aliyoipata utotoni imejificha kwenye mifupa, na mimba inapovuta kalsiamu kutoka mifupani risasi hutoka nayo na kumfikia mtoto tumboni. Na kama ana hamu ya kula udongo, asilaumiwe. Apimwe damu na madini ya chuma, kwani hamu hiyo mara nyingi huambatana na upungufu, na aelezwe kwamba udongo huo unaweza kuwa na risasi.

"Nilipima, wakaniambia udongo ni mzuri"

Hapa kosa la kawaida ni kupima kitu kingine. Kipimo cha rutuba kinatoa nitrojeni, fosforasi, potasiamu na pH. Hakisemi lolote kuhusu risasi. Iambie maabara kwamba unataka jumla ya risasi, kadmiamu, aseniki, kromiamu, nikeli, shaba na zinki, majibu yakiwa miligramu kwa kilo ya udongo mkavu. Zebaki huombwa peke yake mara nyingi, kwa sababu huruka udongo ukipashwa moto.

Kosa la pili ni sampuli moja kutoka katikati ya uwanja. Gawa eneo kwa matumizi na historia: kando ya ukuta, kando ya barabara, wanapochezea watoto, penye mboga, penye ile duara isiyoota nyasi. Kila sehemu iwe na mfuko wake. Penye watoto chukua sentimita 2 hadi 5 za juu tu, kwa sababu ndizo zinazoshikwa na mikono. Ukichimba kina kirefu unachanganya udongo safi wa chini na namba inashuka. Penye mboga chukua sentimita 15 hadi 20, kina cha mizizi. Kwenye kila sehemu chukua vijisampuli 5 hadi 10 kwa kupita zigizaga, tumia kijiko cha chuma cha pua au plastiki, changanya kwenye ndoo ya plastiki (ndoo ya mabati itakuongezea zinki), toa mawe na mizizi, kisha weka gramu mia kadhaa kwenye mfuko safi. Andika kila mfuko hapo hapo, usisubiri ufike nyumbani.

Kuna kifaa cha mkononi cha miale ya eksirei kinachosoma metali papo hapo. Ni kizuri kwa kutafuta penye sumu nyingi. Udongo ukiwa na unyevu kinasoma chini ya ukweli, kwa hiyo kausha na chekecha kwanza.

Majibu yamekuja: namba zina maana gani

Udongo wa asili, usiochafuliwa, huwa na risasi miligramu 10 hadi 50 kwa kilo. Jimbo la California hutumia 80 kama kiwango cha tahadhari kwa makazi. Kanuni za Ujerumani za 1999 ziliweka 200 kwa viwanja vya watoto na 400 kwa makazi. Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani lilitumia 400 kwa miaka mingi, likashusha hadi 200 mwezi Januari 2024. Tofauti hizi zinatokana na namna kila nchi inavyokadiria vumbi analomeza mtoto, na mwelekeo umekuwa wa kushuka kadiri madhara ya kiasi kidogo yanavyojulikana.

Mimi nasoma hivi. Chini ya 80, lima na uoshe mboga. Kati ya 80 na 200, funika ardhi iliyo wazi, ongeza mboji, acha mboga za mizizi. Kati ya 200 na 400, watoto wasicheze kwenye udongo ulio wazi, na mboga zihamie kwenye matuta yaliyoinuliwa yenye udongo uliopimwa. Juu ya 400, usilime ardhini, na kufunika kuwe kazi ya kwanza. Ikifika maelfu, usichimbe mwenyewe: ita mamlaka ya mazingira, kwa sababu kila jembe linaloinuka linatengeneza vumbi.

Kufunika kuna namna yake. Tandaza kitambaa kizito kinachopitisha maji ili atakayechimba baadaye ajue mpaka ulipo, kisha weka udongo safi usiopungua sentimita 30, na kama utapanda mboga iwe 60. Juu ya udongo panda nyasi au tandaza majani. Saruji na mawe ya kutandika hufaa penye mapito. Siku hiyo hiyo anzisha desturi za ndani: viatu vibaki mlangoni, sakafu ipigwe deki kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagiliwa kavu, mikono ya watoto ioshwe kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kulala, nguo za kazi zifuliwe peke yake. Hatua hizi hazina gharama kubwa na zinaanza kufanya kazi jioni ile ile.

Nimetia chokaa na mboji, namba haijashuka

Haitashuka. Chokaa na mboji haziondoi metali. Huzifunga zisiyeyuke wala zisipande kwenye mmea. Maabara inayopima jumla itaona kiasi kile kile. Ukitaka kujua kama umefanikiwa, pima mboga yenyewe, au omba kipimo cha sehemu inayoweza kufyonzwa.

Fosfati hufunga risasi vizuri sana ikatengeneza madini magumu. Lakini aseniki na fosfati hugombea nafasi ile ile kwenye chembe za udongo, na fosfati ikiingia aseniki huachiliwa. Chokaa nayo ikizidi huweza kuilegeza aseniki. Kwa hiyo kwenye shamba la zamani la matunda, au penye mbao za dawa, usitie fosfati kabla hujapima aseniki.

Na alizeti? Inasemwa sana kwamba ukipanda alizeti au haradali itanyonya risasi yote. Risasi imeshikwa mno na udongo. Kwa mimea hiyo ungehitaji miongo mingi, na kila mavuno yangekuwa taka yenye sumu. Kuna kangaga linaloitwa Pteris vittata ambalo kweli hukusanya aseniki kwa wingi, ila nalo huchukua miaka na majani yake hayafai kutupwa ovyo. Usimweke mtoto akisubiri mmea ufanye kazi ambayo kitambaa na udongo safi vitaifanya wiki hii.

Ardhi imefunikwa, damu ya mtoto bado iko juu

Kwanza angalia muda. Risasi kwenye damu hupungua nusu kwa takriban mwezi mmoja, lakini iliyo kwenye mifupa huendelea kuchuruzika kwa miaka. Kwa mtoto aliyeathirika muda mrefu, kushuka polepole ni jambo la kutarajiwa. Rudia kipimo kila mwezi mmoja hadi mitatu kadiri daktari atakavyosema.

Namba ikikwama au kupanda, kuna chanzo kingine. Tazama fremu za madirisha na milango zenye rangi ya zamani, kwani kila unapofungua zinasuguana na kumwaga vumbi. Rangi mpya pia si salama kwa sababu ni mpya tu: kiwango kinachopendekezwa kimataifa ni sehemu 90 kwa milioni, na nchi nyingi bado hazina sheria hiyo. Tazama masufuria yaliyotengenezwa kwa kuyeyusha vyuma chakavu, vyombo vya udongo vilivyong'arishwa kwa rangi, wanja, dawa za kienyeji zenye unga wa madini, na bizari ya manjano iliyokolezwa kwa kromati ya risasi (rangi ya manjano yenye risasi) ili ing'ae. Uliza kila mtu mzima wa nyumba anafanya kazi gani, kisha uliza anabadilishia nguo wapi. Fundi wa betri anayembeba mtoto akiwa bado na nguo za kazi ni chanzo kinachotembea. Uliza pia mtoto anashinda wapi mchana. Huenda nyumba ni safi na uwanja wa anapolelewa ndio mbovu.

Mtoto mmoja akikutwa na kiwango cha juu, wapimwe wote wa nyumba hiyo walio chini ya miaka sita, wajawazito na wanaonyonyesha, hata wasiolalamika chochote. Nenda na karatasi ya majibu ya udongo pamoja na ya damu kwa daktari mmoja, ayaone kwa pamoja.